Ufunguo wa Tanuri

Fundi wetu wa vioo huongea kama redio tangu getini, lakini akishavaa glavu hunyamaza, na akiinama juu ya kioo huzuia pumzi. Vioo vyake ni vyembamba kama ganda la yai, vya darubini itakayorushwa angani kunasa eksirei za nyota. Huvilaza juu ya kalibu tanurini vilainike na kujipinda, kisha huviacha vipoe siku mbili nzima. Kila nikipita namkuta ameweka kiganja kwenye mlango wa tanuri, kama anayepima homa ya mtoto. "Bado, mdogo wangu," huniambia, ingawa sijamuuliza.

Juzi nilikipima kioo cha mwisho, kile ambacho wakubwa walikuwa wakikiulizia kwa simu tangu Jumatatu. Kilikuwa safi. Nikashika kalamu nisaini fomu ya ukaguzi.

"Usisaini," fundi akasema. "Nilifungua mlango kabla hakijapoa. Upenyo wa kidole tu, nichungulie."

"Dada, kipimo kimekubali!"

"Kimekubali leo. Kikijikunja huko juu, nani atapanda kukinyoosha?"

Akakivunja mwenyewe, akalaza kingine, akafunga tanuri. Kisha akanitia ufunguo mkononi. "Kaa nao wewe mpaka keshokutwa. Nikikuomba, usinipe."