Mume Wangu Hatasomea Bomu

Nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Mume wangu ni daktari hapa Garissa. Leo Abdi, muuguzi anayefanya kazi naye, aliniita sokoni kwa furaha: "Mama Njeri! Mzee anahojiwa na wakubwa wa Nairobi. Akibita, ataenda Uingereza kusomea utafiti wa bumu!"

Bomu? Na waasi wa shifta wametega mabomu barabara zote? Nikakimbia hospitali, mtoto mgongoni, nikaingia kwenye mahojiano bila kubisha.

"Mume wangu anatibu watu, halipui watu! Tafuteni mwingine!"

Mume wangu akafumba macho. Mkubwa mmoja akaweka kalamu chini. "Mama, hapa tunazungumzia pumu. Ugonjwa wa kifua."

Pumu! Nami kila siku namsikia Abdi akiita pilau "bilau".