Sega la Mgeni

Kitako cha bunduki kilimvunja baba taya akiwa bado amemnyooshea askari sega la asali.

Juzi, stesheni ya Itigi, muuza asali alifunua ndoo yake. Harufu ya nta na moshi ikanirudisha kwenye siku aliyopigwa baba.

Siku ile tulikuwa tunarina mzinga wetu, kwenye mti ambao mpaka mpya wa pori la akiba ulikuwa umeumeza. Tukasikia gari la askari wa wanyamapori.

"Baba watoto, tukimbie," mama alisema.

"Mgeni akikukuta unarina, anaonja yeye kwanza. Nitamkimbiaje?"

Ndivyo tulivyolelewa sote. Baba akachagua sega jeupe kuliko yote, akaenda kuwapokea.

"Karibuni, wanangu. Onjeni."

"Unatuhonga, mzee? Tena ndani ya hifadhi?"

Mmoja akacheka, mwenzake akapiga. Damu na asali vilichuruzika pamoja kifuani mwa baba. Wakampiga mateke mpaka akaacha kujikinga, kisha wakauchoma mzinga. Nyuki walidondoka wakiwaka. Baba alifungwa mikono kwa kamba yake ya kupandia miti, akatupwa nyuma ya gari kama gunia.

Kesho yake mimi na mama tulifika kituo cha polisi. Polisi wa zamu alisema hakuna mzee aliyeletwa. Askari wa pori walisema walimshusha pale pale mlangoni, akitembea mwenyewe. Mama alikufa akiwa bado anaulizia, na pande zote mbili bado zinajibu hivyo hivyo.