Mawimbi Tuliyofundishwa Milimani

Enzi zetu, sisi tuliosoma huko juu nyuma ya Soni, bahari tulifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona. Hatukuona ajabu. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na tulikwishazoea kusikia yakisifiwa mambo yaliyokuwa bado njiani.

Mwalimu Singano, wa jiografia, alikuwa mwembamba, suruali yake imenyooshwa kwa pasi ya mkaa hadi mkunjo ungeweza kukata kabichi. Asubuhi moja ya ukungu, sisi tukinukia moshi wa kuni na magimbi ya kuchemsha, alichora ubaoni milima mitatu yenye ncha, akasema hayo ndiyo mawimbi. "Upepo unayasukuma maji toka Bara Hindi, yanasafiri usiku na mchana mpaka Tanga." Tuliyahurumia maji yale. Sisi kupanda toka Mombo kwa miguu tu, kesho yake tulishinda tumelala.

Zaina, niliyekaa naye dawati moja, ndiye pekee aliyewahi kufika Tanga, kwa shangazi yake. Wakati wa mapumziko alifunga kitambaa chekundu katikati ya kamba yetu ya kuruka. Nikashika ncha moja, yeye akatikisa nyingine. Wimbi likakimbia hadi mkononi mwangu. Kitambaa kikapanda, kikashuka, kikabaki palepale.

"Umeona? Maji nayo hayaendi," akaniambia. "Kinachokwenda ni ule mtikisiko."

Nilielewa kabisa.

Tuliporudi darasani Zaina akasimama, mikono nyuma, akayasema hayo kwa adabu. Mwalimu akaweka chaki chini. "Nani mwingine anaijua bahari kuliko mwalimu?"

Zaina akanigeukia. Mimi nikaitazama kalamu yangu kana kwamba imeanza kuota majani. Akapewa wiki nzima ya kumwagilia kabichi za shule peke yake, akipandisha ndoo toka mtoni, na adhabu hiyo ikaitwa elimu ya kujitegemea. Kila jioni nilimwona akipita. Sikumsaidia hata ndoo moja.

Muhula uliofuata shule yetu ikaitwa Tanga kucheza halaiki kwenye sherehe. Tulishuka kwa lori, tukiimba hadi sauti zikakauka. Sherehe ilipokwisha tukapelekwa ufukweni. Mawimbi yenyewe yalifika magotini. Mwalimu aliyatazama kama mtu aliyeletewa mchumba asiyefanana na picha. Kisha akalitupa mbali gunzi la hindi alilokuwa akitafuna. Likapanda, likashuka, mawimbi yakapita chini yake moja baada ya jingine, nalo likawa linacheza palepale.

Zaina akalitazama gunzi, kisha akamtazama mwalimu.

Mwalimu akakunja suruali, akaingia alitazame kwa karibu. Alipogeuka kutueleza, kiwimbi kidogo kikamkalisha chini. Hakuna aliyethubutu kucheka. Zaina akaingia, akamshika mkono.

"Mbona hili limenisukuma?" mwalimu akauliza.

"Hapa kina ni kifupi, mwalimu. Chini wimbi linakwamishwa na mchanga, juu linatangulia, ndipo linaanguka."

Mwalimu akakamua pindo za suruali, akafikiri. "Kumbe," akasema.

Jumatatu akamwita Zaina mbele, akampa chaki, akatangaza kwamba aliyekosea ni yeye mwalimu. Halafu akauliza: "Nani mwingine alikuwa anajua?"

Nikanyoosha mkono haraka sana.

Zaina akanitazama. "Leo?" akasema polepole.

Mwalimu akaelewa yote. Akanipa kabichi, wiki mbili. Siku mbili nilipanda na ndoo peke yangu, mabega yakiuma, nikijua kwamba ni haki yangu. Siku ya tatu Zaina akanikuta mtoni na ndoo yake. Hakunisamehe kwa maneno, ila alinijazia yangu kwanza.

Vijana wa siku hizi hawana shida hizo. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu wimbi refu kama kanisa, akanieleza liko nchi gani na limetazamwa na watu wangapi. Mwalimu wake, akasema, hajui kitu. Nikamuuliza maji yale, baada ya kuanguka, yanakwenda wapi.

"Subiri, Bibi," akasema, "mtandao umekata."

Basi tukakaa barazani, ukungu ukishuka kutoka msituni, yeye ameinua simu juu kutafuta mtandao. Wala hakuniuliza kama mimi najua.