Mlango wa shosho umepotea

Shosho, nyanya yangu, ameharibu mchoro wangu wa leo na sijui kama nikasirike.

Mnajua mimi huchora kitu kimoja kila siku kwa kalamu za rangi. Leo nimechora nyumba yake hapa Dundori. Mabati mekundu, mlango wa kijani.

Nikamwonyesha, nikingoja sifa.

"Nani amekutuma?"

Hakuna, shosho! Ni mazoezi tu!

"Miaka ya hamsini nikiwa msichana, mzungu alikuja akachora nyumba zetu. Baadaye lori la askari likaja kutubeba hadi kambini."

Akashika kalamu nyeusi, akapaka mlango pamoja na ukuta, hadi usijue mlango ulikuwa wapi.

"Sasa hawataona pa kuingilia."

Halafu akaenda kunipikia chai. Mlango wa nyumba yenyewe ameuacha wazi!

Wasee, kesho nichore nini?