Uzi wa Machi

Bibi Pena wa ghorofa ya pili alimsimamisha Zlatina kwenye ngazi, akainama kana kwamba anamchungulia mtoto.

"Mwanangu, wanasema mumeo anajidunga dawa ya kunenepesha ndama."

"Nani anasema?"

"Jengo zima. Mlishe vizuri basi, asije akaanza kutafuna milango."

Zlatina alicheka, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kujibu. Dawa ilikuwapo: vichupa vidogo kama ncha ya kidole, nyuma ya bakuli la mtindi kwenye friji. Stamen, mumewe, mnyanyua vyuma aliyeachwa na timu kwa sababu ya goti lililoumia, alikwisha kumweleza: si homoni yenyewe, ila huigutusha tezi iliyo chini ya ubongo iimwage homoni ya ukuaji. Goti lingepona, na mwezi Mei angerudi jukwaani.

Kila baada ya sindano njaa ilimshika. Alikula mkate mzima akiwa amesimama, macho yameganda mahali pasipo na kitu. Nyakati hizo Zlatina hakumwita jina. Aliogopa ni nani angeitika.

Kisha vidole vikavimba. Pete ya ndoa ikahamia kwenye kikombe juu ya kabati. Asubuhi alikung'uta mikono, akisema sisimizi wanatembea ndani yake.

Tarehe mosi Machi Zlatina alikuwa amemfunga uzi mwekundu na mweupe kwenye kifundo cha mkono, kama ufungwavyo katika kila nyumba, naye hakuutoa. Uzi huo, wa kukaribisha majira ya kuchipua, huvaliwa mpaka mtu amwone korongo wa kwanza au mti uliochanua. Wiki tatu baadaye, mezani, supu ya moto ilimmwagikia mkononi, naye akaendelea kula. Akimpangusa, Zlatina aliona uzi umezama kwenye nyama. Kandokando yake damu ilikwisha kauka.

"Stamen, hukusikia maumivu?"

"Ya nini?"

"Uzi umekukata."

Aliutazama mkono kama wa mgeni. "Korongo hatujamwona bado."

"Korongo atatusamehe."

Akaukata kwa mkasi wa kucha za mtoto.

Chumbani Raya, binti yao mchanga, akaanza kulia. Majuma mawili Stamen hakuwa amembeba. Kila siku alikuwa na udhuru: leo ana jasho, kesho amechoka. Sasa Zlatina alielewa.

Stamen alisikiliza kilio, kisha akaiweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu.

"Mlete," alisema. "Niwekee hapa, lakini wewe usimwachie. Uniambie kama nimemshika."