Sega Jipya la Gari la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliendesha malori maisha yake yote ya kazi. Tena si malori ya kubeba mchanga kutoka mtaa huu hadi ule, bali yale ya masafa, ambayo dereva hulala humo humo na kuamkia nchi nyingine. Alipostaafu alinunua gari dogo la rangi ya kahawia, kuukuu tangu siku alipolinunua, akahamia kwetu, kwenye chumba cha nyuma chenye mlango wa kutokea uani. Mtaani wanamwita Dereva. Hata watoto ambao hawajawahi kumwona kwenye lori humwita hivyo, naye huitika bila kugeuza shingo, kama mtu anayeitwa kwa cheo chake.

Mimi ni kinyozi. Naliweka wazi hilo mapema ili mtu asinidhanie fundi wa magari. Miaka yote tuliyokaa nyumba moja, mazungumzo yangu na mama mkwe yalikuwa ya heshima tupu: habari za asubuhi, habari za kazi, chakula tayari mama, ahsante mkwe. Akiingia sebuleni, mimi nakumbuka nina kazi uani. Nikitoka uani, yeye anakumbuka ameacha redio inaongea peke yake chumbani. Tulikuwa tunapendana kwa namna hiyo, kila mtu kwa upande wake wa ukuta.

Mwaka huo gari likaanza kukosa pumzi. Kilima cha kwenda sokoni, kilichokuwa kikipandwa huku mtu anapiga soga, kikawa cha kupandwa kwa gia ya kwanza na dua. Kwa nyuma ilitoka harufu ya yai viza. Kwenye dashibodi ile taa ya injini ikawaka na kugoma kuzimika.

“Sega limekufa,” akasema mama mkwe akishusha vikapu.

Mke wangu akauliza nyuki wameingilia wapi kwenye habari ya gari. Ndipo mama yake akatueleza kwamba katikati ya bomba la moshi kuna kopo la chuma lenye vitundu vidogo vidogo ndani, mithili ya sega la nyuki, na kazi yake ni kupunguza sumu kabla moshi haujatoka nje. Mbele ya kopo hilo kuna sensa na nyuma yake kuna nyingine, zinanusa moshi na kuipasha injini habari. Na hizo nazo, akasema, zimeshazeeka pamoja naye.

Akalipeleka kwa fundi wa pale kona. Fundi akachungulia chini, akainuka na tabasamu.

“Hili tunalitoboa tu, mama. Tunakomba vya ndani vyote, kopo linabaki tupu, gari linapumua.”

“Na moshi?”

“Moshi unatokea nyuma, mama. Wewe unakaa mbele.”

“Mimi nimekaa nyuma ya malori ya watu nikimeza moshi wao mpaka mate yakawa meusi,” akasema mama mkwe. “Sitampulizia mtoto wa mtu.” Akageuza gari akarudi nyumbani polepole, taa ikiwa inawaka.

Jumapili akaja shemeji yangu, mwanawe wa kiume, mwenye duka la samani. Alikuwa ameshapashwa habari na dada yake. Akanywa chai, akakohoa kidogo, akaanza.

“Mama, hili gari tuliuze. Na umri nao umekwenda. Ukitaka kwenda mahali si unanipigia tu?”

“Nikupigie, halafu nikungoje mlangoni.”

“Ndiyo.”

“Kama kabati.”

Shemeji akatazama kikombe chake. Mama mkwe hakupandisha sauti. Akasema Ijumaa gari linakwenda kwenye kituo cha ukaguzi, na huko wanapima moshi. “Likipita, habari ya kuuza isitajwe tena humu ndani. Likikataliwa, funguo nakukabidhi mwenyewe, na sitanuna.”

Mke wangu akanitazama. Sote tulijua mama yake hasemi neno la mzaha juu ya funguo.

Asubuhi yake akanikuta naosha uso kwenye bomba la uani.

“Mkwe, leo unanyoa?”

“Jumatatu sifungui kibanda, mama.”

“Vizuri. Vaa nguo ambayo mke wako hataililia. Magoti yangu hayaingii tena chini ya gari. Yako yataingia.”

Nilidhani tutaanzia chini. Yeye akafungua boneti. Akaniamuru nitoe plagi moja moja, akazigeuza kwenye mwanga kama mtu anayechagua mayai. Moja ilikuwa nyeusi na imelowa petroli. Koili iliyokuwa juu yake, ile inayoipa plagi umeme, ilikuwa na ufa.

“Umeona? Hapa moto hauwaki. Petroli inapita mbichi, inakwenda kuungulia kwenye sega. Sega halikujifia, mkwe, limeuawa. Ukiweka jipya bila kumkamata muuaji, na hilo utalizika.”

Tukanunua koili na plagi mpya, tukazifunga kwanza. Kisha tukalipandisha gari kwa jeki, tukalikalisha kwenye stendi za chuma, tukaweka mawe kwenye magurudumu. Kabla sijaingia chini, alilisukuma gari kwa nyonga yake, mara mbili, kwa nguvu. Halikutikisika. “Sasa ingia,” akasema.

Kule chini kulikuwa na kutu ya miaka. Nilipuliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati, tukangoja yapenye. Nikiwa nimelala chali, sikuona chochote cha mama mkwe isipokuwa ndala zake za buluu. Sijui kama ni kwa sababu hiyo, maana macho yetu hayakukutana, lakini akaanza kuongea kama ambavyo hajawahi kuongea nami.

“Unajua mke wako alianza kutembea wapi?”

“Nyumbani, nadhani.”

“Nyumbani gani? Ndani ya lori, mpakani, kwenye foleni. Alikuwa kwenye kiti cha utingo, akashika gia, akashika usukani, akanifikia. Nikapiga honi. Foleni nzima wakapiga honi wakidhani njia imefunguka.”

Nilicheka mpaka vumbi la kutu likaniingia mdomoni. Akanisimulia pia kuhusu bosi wake wa kwanza, aliyemwambia kampuni haina lori la kike. Alimwomba funguo, akalirudisha nyuma lori lenye tela kwenye uchochoro ambao madereva wenzake walikuwa wakiingia kwa kuongozwa, akashuka, akamrudishia funguo mkononi. “Kesho yake nikapewa mzigo.”

Sensa ya mbele ilitoka bila ubishi, kwa soketi yenye mpasuko wa kupitisha waya. Ya nyuma iling'ang'ania. Mama mkwe akaniambia nisivute kwa hasira, niwashe injini ipate joto kidogo, kisha nijaribu tena. Ikalia kama mlango wa zamani, ikaachia. Nikavimba kichwa. Bolti iliyofuata nikaizungusha kwa nguvu zangu zote.

“Mama, imekatika.”

Ndala zikasogea karibu.

“Nini?”

“Bolti.”

“Ah. Nilidhani mkono.”

Ilibidi tuazime grenda ya kukatia chuma, na mwenye grenda ni yule yule fundi wa kona. Nilitegemea atatuchekea. Akaja nayo mwenyewe, akatandika gunia, akalala pembeni yangu, tukaikata ile bolti cheche zikiruka. Kopo la zamani liliposhuka, mama mkwe alilitikisa sikioni. Ndani kulisikika vipande vikigongana kama karanga kavu kwenye bati. Fundi naye akaomba kulitikisa.

“Kumbe lilishavunjika hivi!” akasema. Akabaki mpaka tukafunga jipya alilokuwa amelinunua mama mkwe, pamoja na gasketi mpya za kuziba viungo na sensa zote mbili, huku mwenye gari akitukemea kila mkono wenye mafuta ulipokaribia ncha za sensa.

Gari likawaka. Sauti ikawa laini, harufu ikaisha, na fundi akaizima ile taa kwa mashine yake. Nilioga nikiwa najiona fundi mkuu.

Jumatano, tukirudi sokoni, taa ikawaka tena.

Kibaya zaidi, shemeji alikuwa nyumbani kwetu, amekuja kupima ukuta kwa ajili ya rafu ya dada yake. Aliiona taa kabla hatujazima injini. Akakunja utepe wake wa kupimia, akautia mfukoni.

“Taa haijasema sega ni bovu,” akasema mama mkwe. “Imesema kuna jambo. Tuache lipoe.”

Gari lilipopoa, akanituma niwashe, naye akainama karibu na gurudumu la mbele, mkono mmoja kwenye bodi, jicho moja amelifumba. Shemeji akamsogelea ili amshike asianguke.

“Nyamaza usikie. Hapo. Tss, tss, tss.”

“Sisikii kitu, mama.”

“Inama.”

Shemeji akainama na suruali yake ya dukani, akasikia. Moshi ulikuwa unavuja kwenye kiungo cha mbele ya sega. Mama mkwe akaeleza kwamba penye upenyo huo hewa ya nje inaingia, sensa inainusa, inadanganyika, inailalamikia injini.

Kiungo hicho nilikikaza mimi. Sikungoja kuagizwa. Nikapandisha gari, nikalisukuma kwa nyonga, nikaingia. Gasketi ilikuwa imekaa upande. Nikaitoa, nikasafisha uso wa chuma mpaka ukang'aa, nikaweka nyingine, kisha nikakaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, upande huu na upande ule, kama mtu anayesawazisha nywele za mteja pande mbili za kichwa. Aliyenimulikia tochi alikuwa shemeji.

Ijumaa tulikwenda wote watatu, mimi na mama mkwe ndani ya gari lake, shemeji akitufuata na la kwake. Mkaguzi aliingiza mrija kwenye bomba la moshi, akatazama mashine yake, akaupachika upya, akatazama tena.

“Gari hili ni la zamani hivi, na moshi ni huu?”

“Lina sega jipya,” nikajibu, kifua mbele. Mama mkwe, aliyekuwa ameshafungua kinywa ajibu, akaniachia.

“Limepita,” akasema mkaguzi.

Nje, shemeji alisimama kando ya gari lake mwenyewe aliloliegesha pale, akalitazama, akaliacha. Akafungua mlango wa nyuma wa gari la mama yake, akakaa.

“Mama, nishushe dukani. Langu nitalifuata baadaye.”

“Funga mkanda.”

Mtaa wa samani ulikuwa umejaa mikokoteni na makabati yanayoshushwa. Shemeji aliposhuka, wafanyakazi wake walitoka mlangoni.

“Huyu ni mama yangu,” akawaambia. “Amenileta.”

Mmoja wao akakimbilia nyuma ya gari na kuinua mikono ili amwongoze atoke. Mama mkwe akamwashia taa za nyuma, akangoja kijana wa watu asogee, akatoka kinyumenyume katikati ya kabati na mkokoteni, mkono mmoja kwenye usukani, akinieleza habari za daraja moja ambalo madereva walikuwa wakiliogopa.