Masikio ya Baharia

Mimi ni mtoto wa Kibuli, mlimani Kampala, na maji mengi niliyoyajua yalikuwa ya pipa. Basi mjomba wangu wa Mombasa alipoleta habari kwamba kuna meli inataka msaidizi wa mpishi, nyumba nzima ilipiga vigelegele. Kilichobaki ni karatasi ya daktari tu, ya kusema mwili wangu unafaa kazi ya baharini. Bila karatasi hakuna meli, na meli ilikuwa inaondoka wiki ileile.

Daktari alikuwa mzee mwenye koti lililochoka. Akanipima kifua, meno, macho, akanirukisha kwa mguu mmoja kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Yote sawa. Moyoni nilishafika Mombasa!

"Bado masikio," akasema. "Nipe mgongo. Nikinong'ona, sema kwa sauti ulichosikia."

Akaenda pembeni. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na kwenye benchi la nje ameketi mwanajeshi wa kambi ya Makindye, bunduki mapajani, anangoja dawa ya homa. Daktari akanong'ona: "Sukari imeadimika mjini."

Lahaula! Nilisikia hata pumzi yake. Lakini Kampala ya miaka ile ya utawala wa jeshi, nani arudie kwa sauti neno alilonong'onezwa? Watu walikuwa wanachukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo. Mama alitulea kwa amri moja: ukinong'onezwa, hukusikia.

"Sijasikia kitu, daktari."

Akanong'ona tena: "Na sabuni nayo haipo."

"Sijasikia kitu."

Akashusha pumzi, akashika kalamu. "Pole, kijana. Kiziwi hapandi meli."

Wallahi nilitaka kulia. Nimwambieje, na yule yuko pale mlangoni? Nikabaki nautazama mlango tu, jasho linanitoka. Mzee akayafuata macho yangu mpaka kwenye benchi. Akaweka kalamu chini.

"Haya, mara ya mwisho." Akarudi pembeni, akanong'ona: "Pilau ya Kibuli ni wali wa maji, na mama yako ndiye kinara."

"Mama yangu?" Nikageuka, adabu zote nimezisahau. "We mzee, umeila lini pilau ya mama yangu? Njoo Ijumaa ule mpaka ulambe sinia, halafu uyarudie hayo maneno!"

Mwanajeshi akaangua kicheko mpaka benchi likalia. "Daktari, andika! Masikio ya huyu iko! Na mimi Ijumaa nakuja!"

Daktari alikuwa anafuta machozi ya kucheka huku akigonga muhuri. Kisha akainama kunipa karatasi, na midomo yake haikutikisika sana: "Nenda, mwanangu. Mambo yakiwa hivi, usirudi upesi."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Sijasikia kitu, daktari," nikasema kwa sauti, na mzee akanibana mkono.